Chumvi ya Bondeni Haimo Daftarini

Kwenye mlango wa ghala la shangazi yangu, huko kusini mwa Pemba, kuna mistari ya mkaa. Kila mstari ni polo moja la mpunga lililoingia ndani. Hakusoma skuli, lakini hesabu zake hazina makosa. Kila mwaka ameupa safu yake, na miaka anaitaja kwa matukio, si kwa tarakimu: mwaka wa vuo kubwa la karafuu, mwaka aliofiwa na mumewe, mwaka aliomwoza binti yake wa mwisho. Safu ya juu kabisa ina mistari kumi na nne. Zinazofuata zinapungua, kumi na moja, tisa, sita, na ile ya chini ina mistari miwili na kijistari kifupi pembeni. Nilimuuliza kile kifupi ni nini. Akanijibu, "Hilo polo halikujaa, mwanangu. Niandike uongo?"

Siku hiyo hiyo alinipeleka bondeni. Maji ya bamvua yalikuwa yameshaondoka siku mbili nyuma, jua limewaka, na kwenye kingo za bonde palikuwa na utando mweupe mwembamba, kama unga uliomwagika ukaachwa. Mpunga wa upande wa mkondo ulikuwa umeshapata ncha za rangi ya kutu. Akachota tope kwa kidole, akalionja, akanipa na mimi nionje. Ilikuwa chumvi ya bahari, wazi kabisa. Zamani, alinieleza, maji chumvi yalikuwa yakiishia kwenye mikoko. Sasa kila bamvua kubwa yanapanda mpaka kwenye mizizi ya mpunga, na mvua ya masika inayotakiwa kuosha ile chumvi ama inachelewa, ama inakuja yote kwa siku tatu ikapita.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikisoma takwimu za maafa makubwa ya dunia, vifo vyake na hasara zake, na kila nikifunga ukurasa ninaurudia ule mlango. Vitabu vinavyohesabu maafa vimepangwa kwa namna ambayo mlango wa shangazi hauwezi kuingia humo. Na sisi wa visiwa hivi tumekubali kupimwa kwa kipimo hicho hicho, bila ya kuwa na chetu wenyewe. Hili ndilo ninalotaka kulisema leo, kwa sababu naamini linatugharimu.

Daftari la maafa linalotumiwa zaidi duniani linatunzwa Ubelgiji, katika Chuo Kikuu cha Louvain, tangu mwaka 1988. Linaitwa EM-DAT. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, mabenki na vyombo vya habari huchota humo. Ili tukio liandikwe, ni lazima litimize walau sharti moja kati ya manne: wafe watu 10 au zaidi, waathirike watu 100 au zaidi, serikali itangaze hali ya hatari, au nchi iombe msaada wa kimataifa. Masharti haya yana maana yake, maana huwezi kuandika kila paa lililoezuliwa. Lakini yamefikiriwa kwa ajili ya jambo lenye siku yake: tetemeko la asubuhi fulani, kimbunga cha usiku fulani. Chumvi haina siku. Hakuna aliyekufa bondeni kwa shangazi, hakuna waziri aliyefika kutangaza hali ya hatari, na majirani walioathirika wamepoteza kidogo kidogo, kila mmoja kwa mwaka wake.

Kutokana na daftari hilo, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa jumla inayotajwa sana: tangu mwaka 1970 hadi 2021 kumetokea majanga 11,778 ya hali ya hewa, tabianchi na maji, yameua zaidi ya watu milioni 2 na kusababisha hasara ya dola trilioni 4.3. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vimetokea katika nchi zinazoendelea. Fedha nazo, zaidi ya asilimia 60 ya hasara iliyoandikwa, zimepotea katika nchi tajiri. Weka taarifa hizo mbili pamoja uone zinachosema. Sisi tunazika zaidi, wao wanahesabiwa kupoteza zaidi. Nyumba ya Florida ina hati, ina bei, ina bima na ina mthamini anayefika baada ya dhoruba akiwa na kalamu mkononi. Kampuni ya Munich Re, ambayo kazi yake ni kuzikatia bima kampuni za bima, ilitangaza kwamba mwaka 2024 majanga ya asili yaliigharimu dunia dola bilioni 320, na bilioni 140 kati ya hizo zilikuwa na bima. Chochote kisicho na bei ya soko wala mthamini huingia katika hesabu kama hizo kwa makadirio, au hakiingii kabisa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Haiti na Chile, mwaka 2010. Januari 12 tetemeko la ukubwa wa 7.0 liliupiga mji wa Port-au-Prince. Februari 27 ikapigwa Chile, tetemeko la 8.8, lililotoa nguvu takriban mara 500 ya lile la Haiti. Chile ilizika watu wapatao 525. Haiti mpaka leo haijui ilizika wangapi. Makadirio ya chini yanashuka hata chini ya watu 100,000, na serikali yake ilitaja zaidi ya 300,000. Ukija kwenye dola, Chile ndiyo iliyopoteza zaidi, kama bilioni 30 dhidi ya bilioni 7.8 za Haiti. Mtu akikuonesha safu ya dola peke yake, utakwenda kumpa pole Mchile kwanza. Lakini zile bilioni 7.8 zilizidi vyote ambavyo Haiti ilizalisha kwa mwaka mzima.

Wachile hawakuokolewa na bahati. Mwaka 1960 nchi yao ilipigwa na tetemeko la 9.5, kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa kwa vyombo, na baada ya hapo walizikaza kanuni zao za ujenzi na wakazisimamia. Kuwa na kanuni peke yake hakutoshi. Uturuki ilikuwa nazo, tena nzuri, lakini mwaka 2018 serikali yake iliwaruhusu wenye majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria kulipa ada na kuhalalishwa. Februari 6, 2023, tetemeko la 7.8 likaja, na zaidi ya watu 53,000 wakafa katika Uturuki peke yake. Huwezi kusema ni majengo mangapi kati ya yaliyosamehewa yaliua, lakini unaweza kusema kwamba saruji haisikii msamaha. Huko Derna, Libya, Septemba 2023, mvua ya dhoruba Daniel ilivunja mabwawa mawili ya miaka ya 1970 yaliyokuwa na nyufa zinazojulikana, na maelfu ya watu wakachukuliwa hadi baharini wakiwa usingizini.

Lakini hayo ni mataifa makubwa. Mfano unaotuhusu sisi hasa uko Karibiani, katika kisiwa ambacho, kama sisi, kinajiita kisiwa cha viungo.

Grenada ina watu wapatao 110,000, pungufu hata ya wilaya zetu kadhaa zikiunganishwa. Kabla ya mwaka 2004 ilikuwa ya pili duniani kwa kungumanga, nyuma ya Indonesia tu. Kungumanga limo mpaka kwenye bendera yao. Septemba 7, 2004, kimbunga Ivan kiliipiga. Walikufa watu 39, idadi ambayo katika habari za dunia haikai hata siku mbili. Nyumba karibu 9 katika kila 10 ziliharibika. Hasara ilikadiriwa kuwa kama dola milioni 900, na ukiilinganisha na uchumi wa kisiwa, ilikuwa mara mbili ya pato la mwaka mzima. Mwaka mmoja baadaye Katrina iliipiga Marekani, hasara ikafika dola bilioni 125, na kwa Marekani nzima hiyo ilikuwa karibu asilimia 1 ya pato la mwaka. Watu wa New Orleans waliumia vibaya, na Mungu awarehemu waliokufa. Lakini nyuma yao palikuwa na majimbo mengine zaidi ya 40 ambayo hayakuumia. Kisiwa hakina jimbo jengine. Kikipigwa, kimepigwa chote, pamoja na yule ambaye ungemkimbilia kumkopa.

Wakulima wa Grenada walipoamka asubuhi yake walikuta mikungumanga mingi imelala chini. Mkungumanga unahitaji miaka saba hivi mpaka uanze kuzaa, na zaidi ya hapo ndipo unakolea. Sasa mfikirie mkulima wa miaka 60 aliyesimama katikati ya shamba lililong'oka. Anaambiwa apande tena. Apande, avune akiwa na miaka 70? Mazao ya kungumanga ya Grenada hayajarudi katika kiwango cha zamani hadi leo, miaka zaidi ya ishirini baadaye, na mwezi Julai 2024 kikaja kimbunga chengine, Beryl, kikakisawazisha kisiwa chao kidogo cha Carriacou. Ukiuliza Ivan iliigharimu Grenada kiasi gani, jibu la dola milioni 900 ni la wiki ile. Hesabu yenyewe bado inaendelea.

Hapa Mpemba yeyote ameshanielewa ninakokwenda, kwa sababu mkarafuu nao una tabia hiyo hiyo. Na sisi tuna Ivan wetu. Ni wa Aprili 15, 1872.

Siku ile tufani iliingia Unguja. Meli na majahazi bandarini vilitupwa ufukweni au kuzama, na Sultani Barghash, aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili kwenye kiti, akapoteza merikebu zake. Sehemu kubwa sana ya mikarafuu ya Unguja iling'oka, kazi ya zaidi ya nusu karne ikiwa chini kwa siku moja, na minazi vivyo hivyo. Pemba, umbali wa kilomita zipatazo 50 kaskazini, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Karafuu ikaadimika, bei ikapanda, na wenye mitaji wakaigeukia Pemba. Kwa hiyo tunapojisifu leo kwamba Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu ya Zanzibar, tukumbuke kwamba ukubwa huo kwa sehemu yake ulizaliwa na msiba wa wenzetu.

Na ulizaliwa na msiba mwengine pia, ambao hutajwa kwa sauti ndogo. Mikono iliyofyeka misitu ya Pemba, ikapanda miche na baadaye kuchuma, kwa sehemu kubwa ilikuwa ya watumwa walioletwa kutoka bara. Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Juni 1873, lakini majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa magendo kuja Pemba kwa miaka mingi, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897. Hasara ya matajiri wa Unguja iliandikwa kwenye barua za mabalozi. Merikebu za Sultani ziliandikwa. Wale walioufidia upepo wa 1872 kwa migongo yao hawakuandikwa na yeyote, na sasa hatuwezi tena kuwahesabu hata tukitaka. Ndiyo maana sioni suala la nani anaandikwa na nani haandikwi kuwa ni suala la makarani.

Wazee wetu husema tufani haifiki Pemba. Wana sababu, na sayansi iko upande wao kwa kiasi fulani. Kimbunga kinahitaji msukumo wa mzunguko wa dunia ili kijizungushe, na msukumo huo ni dhaifu karibu na ikweta. Pemba iko kwenye nyuzi 5 kusini, mahali ambapo vimbunga ni vichache mno. Lakini vichache si sawa na hakuna. Aprili 2019, wiki sita baada ya Idai kuuzamisha mji wa Beira, kimbunga Kenneth kilipita Komoro kikaingia Cabo Delgado, kusini kidogo tu ya Mtwara, kikiwa na nguvu kuliko kimbunga chochote kilichowahi kurekodiwa kuingia Msumbiji. Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Mafia! Boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Nakumbuka ukimya wa siku ile: kila mtu anasikiliza redioni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, wavuvi wameyapandisha madau yao juu kabisa ya diko na kuyafunga kwenye minazi. Hidaya ilidhoofika ilipogusa nchi kavu na sisi tukashusha pumzi. Sijasikia tangu siku ile mtu akiuliza hadharani: ingekuja juu kidogo, tungepoteza mikarafuu mingapi, na nani angewalisha wenye mikarafuu kwa ile miaka saba?

Kuna habari njema katika takwimu za dunia, na itakuwa dhambi kuificha. Vifo vinapunguzika. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Mwaka 1991 chengine kikaua kama 138,000. Sidr ya 2007, yenye nguvu sana, iliua chini ya 5,000, na Amphan ya 2020 iliwakuta watu zaidi ya milioni 2 wa Bangladesh wameshahamishwa, wakafa makumi tu. Hawakununua mashine za ajabu. Tangu 1972 walijenga jeshi la watu wa kujitolea, sasa makumi ya maelfu, wanaopita vijijini na vipaza sauti, na nyumba za kukimbilia zilizosimama juu ya nguzo. Nchi hiyo ilikuwa miongoni mwa maskini kabisa duniani wakati inaanza.

Sisi wenyewe tulioneshwa thamani ya onyo siku ya Jumapili, Desemba 26, 2004. Tsunami iliyozaliwa Sumatra iliua watu wapatao 230,000 kwa jumla, na ilichukua kama saa saba kuvuka bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki. Saa saba! Unaweza kutoka Konde, kaskazini mwa Pemba, hadi Mkoani, kusini, kwa gari na kurudi katika muda huo ukabakisha wa kupumzika njiani. Somalia hakuna aliyewaambia watu, wakafa karibu 300. Kenya walitoa watu ufukweni, akafa mmoja. Pwani yetu ya Tanzania ilipoteza watu wapatao kumi, na tulisaidiwa na jambo ambalo hakuna waziri anayeweza kulipanga: maji yalikuwa yamekupwa.

Lakini ngoja nirudi Bangladesh, kwa sababu ndipo somo lenyewe lilipo. Mwaka 2009 kimbunga Aila kiliua watu chini ya 200 kule, na kwa kipimo cha vifo ni ushindi. Kilivunja kingo za udongo zinazoyakinga mashamba, maji ya bahari yakaingia kwenye mpunga, na vijiji vingi vya pwani vikakaa na chumvi kwa miaka. Wanaume wakahamia mijini kutafuta vibarua, wanawake wakawa wanatembea masafa kutafuta maji ya kunywa. Wafu wa Aila walihesabiwa katika wiki ya kwanza. Chumvi ya Aila iliendelea kula mashamba wakati daftari limeshafungwa.

Hapo ndipo walipo watu wa Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kusini mwa Pemba, na wenzao wa mabonde yetu, tofauti ikiwa kwamba wao hata hawakuwa na kimbunga cha kukilaumu. Bahari inapanda, mikoko imekatwa kwa mkaa na kuni za kuchomea chokaa, ardhi inaliwa. Pia ndipo walipo wakulima wa mwani. Tangu kilimo hiki kianze kibiashara mwaka 1989, wengi wao ni wanawake, na aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikioza na kufa katika maji ya kina kifupi yaliyopata joto. Mama aliyehama kutoka kotonii kwenda spinozumu kwa sababu ya kwanza haioti tena amepoteza sehemu kubwa ya kipato chake kwa kila kilo. Hilo ni janga la kiuchumi, na halina jina, halina tarehe.

Nilipeleka fikra hii katika ofisi moja, pamoja na hesabu za mlango wa shangazi nilizozinakili. Aliyenipokea alinisikiliza kwa adabu. Kisha akanionesha fomu. Ina nafasi ya nyumba zilizobomoka, ina nafasi ya waliojeruhiwa, ina nafasi ya mifugo iliyokufa na vyombo vilivyozama. Ya shamba linalokufa polepole haimo. Akaniambia hilo ni suala la kilimo. Nikaenda kwa wa kilimo, nikaambiwa ni suala la mazingira. Sina kinyongo na yeyote kati yao. Fomu hawakuitunga wao. Lakini shangazi amesimama katikati ya ofisi tatu na hakuna hata moja inayomwandika.

Wapo watakaosema chumvi ni suala la maendeleo na lisichanganywe na maafa, kwamba tukiita kila shida maafa neno litapoteza nguvu. Hoja hii naiheshimu. Ila naitazama kwa upande wa mwenye shamba. Aliyepoteza polo kumi na moja kwa kimbunga cha usiku mmoja ataletewa mchele, turubai na mbegu. Aliyepoteza polo hizo hizo kumi na moja kwa miaka sita ataambiwa alime kwa bidii. Njaa yao ni moja.

Kwa hiyo ninachokidai si kikubwa. Zanzibar ina Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa, ina masheha katika kila shehia, na ina vijana waliomaliza kidato cha nne wenye simu mikononi na hawana kazi. Kila shehia iwe na daftari la hasara, linalojazwa mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Liandike polo za mpunga, si dola. Liandike mikarafuu iliyoanguka au kukauka, kamba za mwani zilizooza, visima vilivyogeuka chumvi, siku ambazo wavuvi hawakutoka kwa upepo. Na pembeni ya kila hasara iandikwe: ni sehemu gani ya vyote alivyokuwa navyo mwenye nyumba? Nusu? Robo? Hiyo sehemu ndiyo Grenada ilichojifunza kwa machozi, na ndiyo itakayomwambia waziri wa fedha kitu ambacho jumla ya shilingi haiwezi kumwambia.

Daftari kama hilo lina matumizi ya moja kwa moja. Grenada baada ya mateso yake ilidai mikataba yake ya madeni iwekwe kifungu kinachosema kimbunga kikipiga, malipo yanasimama kwa muda. Beryl ilipopiga mwaka 2024 walikitumia, na mfuko wa bima wa nchi za Karibiani, ulioanzishwa 2007, uliwapelekea fedha ndani ya wiki chache. Umoja wa Afrika nao una chombo chake cha bima ya maafa tangu 2012. Lakini hakuna bima inayokatwa bila ya kumbukumbu. Mtu wa bima atakuuliza: katika miaka kumi iliyopita mlipoteza nini, wapi, mara ngapi? Leo hii tukiulizwa kuhusu mabonde ya Pemba tutajibu kwa hadithi.

Na tuanze sasa, kwa sababu tunazidi kubanana. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773, na tunaongezeka kwa asilimia 3.7 kwa mwaka. Mjini, nyumba zimeingia kwenye njia za maji. Wakaazi wa Sebleni na Mwanakwerekwe wanajua masika yanavyobisha hodi, ingawa mitaro mikubwa iliyojengwa miaka ya karibuni imewapunguzia tabu. Shamba, anayekimbia chumvi anapanda juu kulima mawe, au anauza kipande chake na kuja kujenga katika hizo hizo njia za maji za mjini. Bonde lililokufa Pemba linakuja kuongeza mafuriko Unguja, na hakuna anayeunganisha mambo mawili hayo kwa sababu la kwanza halikuandikwa.

Kabla sijaondoka nilimuomba shangazi ruhusa ya kupiga picha mlango wake kwa simu. Aliniuliza za nini. Nikamwambia nataka kuwaonesha wakubwa. Akachukua kitambaa, akafuta vumbi ili mistari ionekane vizuri, akasogea pembeni. Nilipomaliza akainama kutazama kwenye kioo cha simu, akaitafuta ile safu ya chini kwa kidole.

"Na hilo fupi limetoka?" aliniuliza. "Wasije wakaandika tatu."